Mgonjwa Apanda Hatta

Gari la Agneta lilikuwa na jina ambalo mwenyewe hakulichagua. Liliitwa Mgonjwa. Aliyelibatiza ni Hesbon, askari wa ulinzi katika jengo moja la maduka, sikukuu ya mwaka jana walipokwenda Hatta, kwenye milima nje ya Dubai, na wenzao wa kanisani kuchoma nyama na kusikia baridi kidogo. Magari mengine yote yaliupanda ule mwinuko mkali wa mwisho unaofika bwawani. Kigari cheupe cha Agneta, kizee cha miaka karibu ishirini, kilifika katikati, kikakohoa, kikazima. Watu walishuka wakakisukuma kando, na Hesbon akasimama na simu yake akirekodi na kupaza sauti kama mtangazaji wa mpira: "Mgonjwa yuko chini! Refa anaita machela!"

Video ile ilizunguka kwenye kundi lao la WhatsApp wiki nzima. Agneta alituma vile vikatuni vya kucheka kama wenzake, kisha akailaza simu kifudifudi na kwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Hakuwa mtu wa kubishana. Katika shule ya chekechea alikofundisha, kule Al Qusais, aliweza kuimba na kuruka kama chura mbele ya darasa zima la watoto. Lakini mbele ya watu wazima sauti yake ilififia kama redio inayoishiwa na betri. Ukimwomba kitu alisema "sawa". Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye aliyesema "samahani".

Sasa sikukuu ilikuwa imerudi, na safari hii kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Mama yake alikuwa anakuja.

Zamani, nyumbani kwao Maragoli, Kenya, Agneta alikuwa na gari la kifuniko cha sufuria. Alikaa kwenye kigoda karibu na meko, akashika kifuniko kama usukani, akanguruma kwa midomo mpaka mate yakaruka. Mama alikaa nyuma yake akichambua maharagwe, na kila baada ya muda alisema, "Dereva, nishushe hapo mbele," kisha akamlipa nauli: maharagwe mawili, siku nyingine matatu. "Nikikua nitakuendesha kwa gari la kweli," Agneta alimwambia. Mama hakucheka. Alijibu, "Basi nitaweka nauli."

Kwa hiyo Roselyne, aliyeishi naye chumba kimoja na ndiye aliyepanga safari zote za kundi, alipotangaza nani atapanda gari lipi, Agneta alikuwa akisikilizia jina moja tu.

"Mama yako nimempa gari ya Jeremy wa kanisani," alisema Roselyne akijipaka mafuta mikononi. "Ni kubwa, viti ni vya ngozi, na AC inafika mpaka nyuma. Hatuwezi kumfanya mama wa watu asukume gari siku zake za kwanza Dubai."

"Sawa," alisema Agneta. Lakini safari hii aliongeza maneno mengine nyuma yake. "Na gari yangu ikipanda je?"

Roselyne alimtazama. "Mgonjwa?"

"Ikipanda."

"Ikipanda daraja la hapa nje bila kuguna, mama ni wako. Lakini tunaenda Jumatatu, Aggie."

Siku ya Ijumaa shule hufunga mapema. Agneta akaenda moja kwa moja Satwa, kwenye gereji ya Fundi Mundhir, mtu mzima wa asili ya Unguja aliyezaliwa huku huku Dubai na ambaye hajawahi kupunguza hata herufi moja ya Kiswahili cha bibi yake.

"Hodi, Fundi."

Mundhir alitoa kichwa chini ya boneti ya gari jingine. "Karibu, bibie. Umesema wewe, au ni upepo?"

Agneta akatabasamu kwa haya. "Gari yangu haina nguvu. Nataka ipande mlima wa Hatta Jumatatu. Ila pesa niliyo nayo ni kidogo sana."

"Kidogo chako tutakitumia kidogo kidogo. Haya, tumtazame huyo mgonjwa."

"Umejuaje jina lake?"

"Jina la nani?"

"Basi, Fundi. Endelea tu."

Mundhir akafungua boneti. Agneta alijikaza akauliza lile aliloshauriwa na watu. "Kuna rafiki yangu anasema nikiweka eksozi kubwa itapata nguvu. Na spoila, lile bawa la huku nyuma."

"Huyo rafiki yako ana gari?"

"Hana."

"Nilijua. Eksozi kubwa utaiweka, bibie, na utapanda polepole vilevile, ila mtaa mzima utajua kuwa unapanda."

Akachomoa filta ya hewa, akaigonga chini mara moja tu. Pakaanguka kijilima cha mchanga. "Loo! Umebeba jangwa zima humu. Masikini gari linavuta pumzi huku limefunikwa godoro usoni." Akatoa plagi za zamani, nyeusi kama makaa, akaweka mpya. Akasafisha lile koo la chuma linalopitisha hewa kwenda kwenye injini, na kitambaa chake kikatoka na masizi kana kwamba amefuta sufuria. Akajaza tairi upepo, maana zote zilikuwa zimelegea. Halafu akazungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono, likazunguka kwa shingo upande. "Breki hii imeng'ang'ania. Unatembea huku umejishika mwenyewe. Ngoja nitoe jeki kwenye buti."

Akafungua buti.

"Subhanallah. Bibie, wewe unahama?"

Hakukuwa na uwazi wa kuingiza hata kandambili. Magunia ya mchele wa pishori yalilala chini. Juu yake mablanketi yale mazito yenye picha za chui, yamebanwa ndani ya mifuko yake ya plastiki. Seti ya sufuria. Makopo ya maziwa ya unga. Zulia lililoviringishwa. Vyuma vya kunyanyua vya mtu aliyeacha mazoezi. Na pembeni kabisa, masanduku ya vigae vya sakafuni, yamepangwa vizuri kama vitabu.

"Si vyangu," Agneta alisema haraka.

"Vya nani?"

"Vya watu. Wanakusanya vya kutuma nyumbani. Kwenye chumba kila mtu ana kitanda tu, na mwenye nyumba hataki mizigo chini ya kitanda. Kwa hiyo wakaniomba..."

"Ukasema sawa."

"Nikasema sawa."

Ikabidi wateremshe kila kitu ili waifikie jeki. Walitandika turubai kando ya barabara, wakapanga mali ile juu yake. Hawajamaliza, mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka kwa fundi cherehani wa jirani alisimama, akabinya blanketi la chui, akauliza, "Hili bei gani?" Mundhir akacheka mpaka akashika mbavu. Agneta naye akacheka, kwa sauti, akajishangaa.

Breki ilipoachia, Mundhir akamwachia fundi cherehani kazi ya kulinda "duka", akamwambia Agneta akae kwenye usukani. Walielekea kwenye daraja la juu lililo karibu, lile ambalo Agneta hulipanda kila siku akiwa ameinamisha shingo, kana kwamba anamsaidia Mgonjwa kwa mabega yake. Akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Walikuwa kileleni kabla hajakumbuka kuogopa.

"Ee Mungu wangu!"

"Tazama mbele, bibie, shukrani baadaye!"

Waliporudi, adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa. Mundhir akapokea kidogo chake, akanawa mikono, akaenda msikitini. Agneta na fundi cherehani wakarudisha vitu. Lakini vitu vikishatoka havikubali tena kuingia kama vilivyokuwa. Zulia likagoma, gunia moja la mchele likagoma, na mablanketi mawili. Vyote hivyo vikaenda kukaa kiti cha nyuma kama abiria. Kisha Agneta akaondoka kwa furaha kuelekea uwanja wa ndege, kwa sababu ndege ya Mama ilikuwa njiani kutua.

Kwenye daraja lile lile, gari likaguna.

Akakanyaga zaidi. Likaguna zaidi. Basi likampita, teksi ikampita, na mpanda pikipiki wa chakula akampita akimtazama kwa huruma. Machozi yalimlengalenga. Kidogo chake chote kimeishia gereji, na ugonjwa ni ule ule.

Mama alitoka mlangoni kwenye uwanja wa ndege amevaa sweta la kanisani na kofia ya sufu, akivuta sanduku moja kubwa. Alimkumbatia bintiye mpaka kofia ikaanguka. Alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku. "Umekonda, au ni hizi taa?" Halafu akaliona gari, akalizunguka lote polepole, akalipapasa kama ng'ombe aliyeletwa kuonyeshwa. "Hili ndilo?"

"Ndilo, Mama."

"Ni zuri. Fungua tuweke mzigo."

Agneta alifungua buti kidogo, akalifunga. Akafungua mlango wa nyuma, akaufunga. Aliona haya. Mwishowe Mama akakaa kiti cha mbele na sanduku mapajani, kidevu chake kimeegemea mpini wake, na hivyo ndivyo Mama wa Agneta alivyouona mji wa Dubai kwa mara ya kwanza: nusu yake ya juu.

"Umefungua duka?" aliuliza Mama.

"Ni vya watu, Mama."

"Na hao watu wako wapi?"

"Wako... Wengine wako nyumbani."

"Mali zao zimepanda gari, mimi nimepandwa na sanduku." Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anachungulia majengo pembeni ya sanduku, anafurahi. Walipofika kwenye mpando, gari likaanza kuvuta pumzi. "Dereva, hili gari lina pumu?"

"Fundi amelitengeneza leo hii hii, Mama, nakuapia. Tulipanda nalo daraja, likaruka! Lilikuwa jepesi, lilikuwa..." Akatazama kwenye kioo. Hakuona barabara. Aliona zulia, gunia, na chui wawili wanaomkodolea macho. "Lilikuwa tupu," alimalizia polepole.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka ikabidi awashe taa za tahadhari na kusimama kando. Mwaka mzima aliwaza injini, akajilaumu kwa kununua gari bovu, kumbe alikuwa anazunguka Dubai na nyumba za watu mgongoni. Siku ile ya Hatta, watu watano ndani na mizigo hii yote nyuma! Hata gari jipya lingelala.

"Sasa utawaambia?" aliuliza Mama.

Kicheko kikamwishia. "Naogopa."

"Sawa. Mimi nimeshazoea sanduku," alisema Mama, akaliweka vizuri mapajani. "Hata Hatta nitalibeba hivi hivi."

Jumamosi asubuhi Agneta alijifungia bafuni na simu. Alirekodi ujumbe wa sauti, akaufuta. Akarekodi mwingine, ulioanza kwa samahani na kuishia kwa samahani, akaufuta. Akafumba macho, akajifanya wanakundi wote ni watoto wa chekechea wamekaa mkekani, akasema kwa ile sauti yake ya darasani: "Wapendwa, leo saa kumi nitakuwa chini ya jengo letu na gari. Kila mwenye kitu chake ndani aje akichukue. Gari yangu haitabeba mizigo tena. Asanteni." Akatuma. Akairusha simu juu ya taulo kana kwamba imemchoma.

Wa kwanza kujibu alikuwa Hesbon. "Aii, Aggie! Hiyo sauti umekopa wapi?"

Saa kumi walikuja. Mama alikuwa amekaa kando kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai, kama mgeni rasmi. Agneta alikuwa na ile mizani ndogo ya ndoano ambayo kila mtu huku anayo, ya kupimia masanduku kabla ya kupanda ndege, na alipima kila kilichotoka. Hesbon alikuja mwisho, mikono mfukoni.

"Dada, wacha tuongee kama ndugu. Mimi nalala kitanda cha juu. Hivyo vigae nitalala navyo?"

"Si vyako?" Agneta aliuliza.

"Ni vya nyumba yangu ya Butere. Nanunua sanduku moja moja kila kukiwa na ofa. Ni vya choo na bafu."

Agneta akatia sanduku la kwanza kwenye ndoano, Roselyne akamsaidia kuinua. Mizani ikalia. Wakatia la pili, na la tatu, na Agneta akajumlisha kichwani. Halafu maneno yakamtoka bila yeye kuyapanga. "Hesbon, kumbe ile siku unatangaza mpira pale Hatta, choo chako kilikuwa uwanjani."

Roselyne akaangua kicheko, akajikunja, na wengine wote wakafuata. Chai ikamwagika kwenye kanga ya Mama.

Hesbon alijishika kichwa. "Kwa hivyo aliyemwangusha Mgonjwa ni mimi?"

"Wewe na mchele wa Roselyne," alisema Agneta.

Kicheko cha Roselyne kikakatika. "Huo mchele ni wangu?"

"Magunia yote. Na sufuria."

"Yesu. Nilisahau."

Ndipo Roselyne akaangalia ile mali iliyopangwa chini, imefika mabegani mwa mtu, na macho yake ya kupanga mambo yakaanza kung'aa. Kila mmoja wao alikuwa akisubiri. Wakala wa kusafirisha mizigo kwenda Kenya alikuwa amewaambia mara nyingi: kusanyeni mzigo wa kutosha, tutaufuata wenyewe mpaka mlangoni. Na kila mmoja alijua kwamba chake ni kidogo, akaendelea kusubiri. Hakuna aliyewahi kuviona vyote vimesimama pamoja.

"Jamani," alisema Roselyne, "mzigo wa kutosha si ndio huu?"

Akapiga simu pale pale. Jumapili, walipotoka kanisani, pikapu lilikuja likabeba vyote kwenda bandari ya Hamriya. Hesbon alisimama akipungia mkono vigae vyake kama anayeaga mtoto wa bweni. Jioni hiyo Roselyne akaingia kwenye gari la Agneta, wakapanda daraja la nje. Hakukuwa na mguno hata mmoja. Roselyne akatoa simu na kubadilisha orodha bila kuambiwa.

Jumatatu asubuhi, Mama alikaa mbele, mapaja yake huru, kioo kimeteremshwa. Nyuma alikaa Roselyne, na Hesbon, aliyekuwa ameomba nafasi hiyo kwa unyenyekevu. "Nataka kuomba msamaha nikiwa ndani," alisema.

Jangwa lilikwisha, milima ya mawe ya kahawia ikaanza, na Mama hakunyamaza. "Lo, hata huku kuna mawe kama ya kwetu! Ila yetu yamevaa miti." Magari ya wenzao yalitangulia. Kisha ukatokea ule mwinuko.

Agneta akaingiza gia ya pili. Gari likapanda, likapanda, halafu sauti ya injini ikaanza kushuka. Akakanyaga klachi, akarudisha gia ya kwanza, akaachia taratibu kama anayemlaza mtoto. Mgonjwa akanguruma, akakaza, akaendelea. Waliipita sehemu ile ya mwaka jana, na Agneta akaijua kwa jiwe lililo kando ya barabara.

Kutoka nyuma sauti ikaanza, chini chini kwanza. "Mgonjwa na mpira... Mgonjwa anapita katikati... anamtoka mmoja... jamani, Mgonjwa..."

"Sema, Hesbon!" Roselyne akapiga kelele.

"Mgonjwa anafuuunga! Goooo!"

Na mbele yao bwawa likafunguka, maji ya kijani kibichi katikati ya milima, na upepo wa baridi ukaingia dirishani ukaitikisa kofia ya Mama. Wenzao waliotangulia walikuwa wamejipanga kando, wanapiga makofi na vigelegele. Mmoja alirekodi. Agneta aliegesha, akazima, akabaki ameshika usukani kwa mikono yote miwili, akicheka peke yake.

Mama hakushuka mara moja. Alifungua pochi yake, akatoa leso iliyofungwa fundo, akalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na maharagwe, yale mekundu madogo ya shambani kwao. Akahesabu matatu, akayaweka kwenye kiganja cha bintiye.

"Dereva, nishushe hapa."

Agneta alimkumbatia Mama juu ya gia, na mkanda wa kiti ukamkaba, na hakujali.

Walikula, wakaimba, wakagombania mbavu za mwisho za mbuzi. Jua lilipoegemea, Roselyne akaanza kukusanya majiko, makaa yaliyobaki, masufuria na viti. Akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye kigari cheupe.

"Aggie, si buti lako liko tupu? Tukuwekee haya majiko."

Agneta alikuwa ameketi juu ya boneti, miguu ikining'inia. Alifungua kinywa, na wote waliomjua walijua litakalotoka.

"Hapana," alisema kwa upole, akaruka chini kwenda kumfungulia Mama mlango.

Yale maharagwe alikuwa ameyatia kwenye kijisahani cha sarafu karibu na gia. Waliposhuka mlima yaligongana kwa sauti ndogo katika kila kona, na ndio mzigo pekee uliorudi Dubai kwa gari la Agneta.